Jinsi ya kufuatilia maisha ya pitcha wa mabegi kwenye besiboli ya Marekani

Wengi wetu tukifika Marekani besiboli tunaipita tu kwenye tivii. Unaona watu wamesimama, wanatafuna mbegu za alizeti, dakika zinaenda hakuna kinachotokea, unahamisha chaneli unatafuta mpira wa miguu. Mi miaka mitatu ya kwanza hapa Des Moines nilikuwa hivyo hivyo. Kilichonigeuza siyo mastaa wenye mikataba ya mamia ya mamilioni, ni hawa mapitcha wanaohama timu kila msimu, leo yuko Florida, mwezi wa sita yuko Ohio, mwezi wa nane unamkuta Toronto na jezi mpya na namba mpya mgongoni. Nilianza kumfuata mmoja kwa kudadisi tu na kupitia yeye nikaielewa ligi nzima, sheria zake, hela zake, ukatili wake. Kwa hiyo hapa naandika jinsi na wewe unavyoweza kufanya, hata kama hujawahi kutazama mechi moja mpaka mwisho.

Tuelewane kwanza. Pitcha ni yule anayesimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, umbali wa mita 18.44, na nyuma ya mpigaji kuna ketcha amechuchumaa na glovu kubwa anaudaka. Pitcha wa mabegi ndo namwita mimi yule ambaye siyo staa lakini pia siyo wa kutupwa, yuko pale katikati, timu inamsajili miezi minne inamtema, nyingine inamdaka kabla hajafika nyumbani. Mwenyewe anaishi kwa mabegi, na mkewe ndo anajua mkataba wa nyumba unavunjwaje kwenye kila jimbo.

Hatua ya kwanza, chagua mtu mmoja. Usianze na timu, anza na mtu. Na kama hujui uanze na nani, anza na ambaye kashastaafu ili uone safari nzima toka mwanzo mpaka mwisho, halafu ndo uje kwa aliye uwanjani sasa hivi. Mi nilianza na Edwin Jackson na mpaka leo namshauri kila mtu aanze naye.

Jackson alizaliwa Neu-Ulm, Ujerumani, mwaka 1983, baba yake alikuwa mwanajeshi wa Marekani kule, yaani kuhama alianza nako tumboni. Dodgers wa Los Angeles walimchukua mwaka 2001 akitoka sekondari, raundi ya 6 ya drafti, yaani lile zoezi la timu kuchagua vijana kwa zamu. Tarehe 9 Septemba 2003, siku anatimiza miaka 20, wakamtupa kwenye kichuguu mechi yake ya kwanza ligi kuu, na pitcha wa upande wa pili alikuwa Randy Johnson, mmoja wa mapitcha wa kutisha kuliko wote waliowahi kuucheza huu mchezo, na dogo akashinda. Ukiishia kusoma hapo unasema huyu atakaa Los Angeles miaka 15 wampe na mtaa. Hakukaa. Akaenda Tampa Bay, Detroit, Arizona, Chicago kwa White Sox, St. Louis, Washington, Chicago tena ila safari hii Cubs, Atlanta, Miami, San Diego, Baltimore, Oakland, Toronto. Timu 14. Alipovaa jezi ya Toronto mwezi Mei 2019 akaivunja rekodi ya Octavio Dotel, pitcha wa Dominikana aliyechezea 13.

Andika hiyo orodha kwenye daftari, mkono wako mwenyewe, timu moja kila mstari, na pembeni uandike aliondokaje. Hapo kwenye "aliondokaje" ndo kuna shule yote.

Sababu kwetu tumezoea usajili wa mpira wa miguu, klabu mbili zinaelewana dau halafu mchezaji naye anakaa mezani anakubali au anakataa maslahi yake. Besiboli haiko hivyo. Huku timu mbili zikishakubaliana kubadilishana wachezaji, mchezaji anapigiwa simu tu anaambiwa, na kesho anatakiwa awe kwenye ndege. Haki ya kukataa kwa sheria anayo yule aliyetimiza miaka 10 ligi kuu na mitano ya mwisho akiwa kwenye timu hiyo hiyo, au aliyeandikiwa kwenye mkataba wake. Sasa fikiria, pitcha wa mabegi hiyo mitano mfululizo ataitoa wapi? Yule anayehamishwa sana ndiye hasa ambaye sheria haimfikii, na hili huwa linaniuma kila nikilisoma.

Mfano mzuri ni tarehe 27 Julai 2011. Asubuhi Jackson ni mchezaji wa White Sox. Wanampeleka Toronto, na siku hiyo hiyo Toronto wanampeleka St. Louis. Alikuwa mali ya Toronto kwa masaa tu, hakurusha hata mpira mmoja, ndo maana ile haihesabiki na Toronto wakaja kuwa timu yake ya 14 miaka minane baadaye. Na huko St. Louis unajua kilichotokea? Oktoba wakachukua ubingwa wa dunia. Kwa hiyo ukiwa unajaza daftari lako usiweke alama ya huzuni kila palipoandikwa "alibadilishwa", subiri kwanza uone mstari unaofuata.

Hatua ya pili, jifunze orodha ya 40. Hii ndo watu wengi wanairuka halafu wanashangaa kwanini pitcha aliyecheza vizuri Jumanne kaondolewa Jumatano. Kila timu ya ligi kuu ina orodha ya wachezaji 40 inaowamiliki kwa ligi kuu, na katika hao 26 ndo wanaokuwa kikosini siku ya mechi. Wengine kwenye hiyo 40 wako ligi ndogo, yaani ligi za chini ambako timu inakuza wachezaji wake, au ni majeruhi. Kijana akiwa mpya timu ina kitu kinaitwa opsheni, yaani inaweza kumshusha ligi ndogo na kumpandisha tena bila kumwuliza, kwa misimu mitatu, na kuanzia 2022 ndani ya msimu mmoja mwisho ni mara tano. Opsheni zikiisha mambo yanabadilika kabisa, kumshusha hawawezi mpaka kwanza watangaze kwa timu nyingine zote kwamba jamaa huyu hapa, anayemtaka amchukue. Hiyo inaitwa weiva. Timu zikigongana anayepewa kipaumbele ni mwenye rekodi mbovu.

Sasa pitcha wa mabegi maisha yake yote yako hapo kwenye weiva. Ana miaka 30, opsheni zimeisha zamani, jana kuna mwenzake kaumia goti timu inahitaji nafasi kwenye ile 40, basi anaondolewa yeye. Utaona herufi tatu, DFA, kifupi cha designated for assignment, yaani kaondolewa kwenye ile 40 na anasubiri hatima yake. Zikionekana jua saa imeanza kuhesabu, timu ina siku saba tu, imbadilishe na mtu, imuweke weiva, au imwachie aende zake. Hizo siku saba ndo za kufungua simu kila asubuhi. Zinaisha na jezi mpya, au anakubali kushuka ligi ndogo, au kama kashatimiza miaka mitatu ya utumishi anakataa na anakuwa mchezaji huru.

Na miaka ya utumishi wanahesabu kwa siku, siku 172 ndo mwaka mmoja kamili. Ukifika siku 43 tu ligi kuu umeshaingia kwenye pensheni. Siku moja, siku moja tu, inakupa haki ya bima ya afya. Mi nilipojua hivyo nikaacha kabisa kuwacheka wale wanaopandishwa wiki mbili wanarudishwa. Angalia hela yenyewe: mwaka 2025 kima cha chini ligi kuu kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, ukigawa kwa siku ni zaidi ya dola 4,000 kila siku anayolala akiwa kikosini. Ligi ndogo ya juu kabisa, Triple-A, kima cha chini walikiweka dola 35,800 kwa mwaka. Wapo wanaopata zaidi ya hapo huko chini, hasa wazoefu waliopatana vizuri kwenye mkataba, lakini wewe piga hesabu mwenyewe, siku tisa za juu zinaupita mwaka mzima wa chini. Ndo maana mtu wa miaka 34 mwenye watoto watatu anakubali kupanda basi la usiku kwenda kurusha mpira mbele ya watu elfu mbili.

Hatua ya tatu, namba, na hapa ntakuwa mfupi maana ukijua mbili tatu zinatosha. ERA ndo namba inayosemwa sana: chukua rani alizoruhusu (rani ni kama goli, na hazihesabiwi zile zilizotokana na makosa ya wenzake), zidisha kwa 9, gawa kwa iningi alizorusha (iningi ni vipindi vya mchezo, mechi ya kawaida ina tisa). Karuhusu rani 3 kwenye iningi 6, ni 4.50. Chini ya 3 ni mzuri sana, 4 na kitu anaishi, 5 kwenda juu mabegi yakae mlangoni. Ukiona iningi zimeandikwa 6.2 hiyo siyo sita na sehemu mbili ya kumi, ni sita na theluthi mbili, maana kila iningi ina auti tatu, yaani inaisha wapigaji watatu wakishatolewa. Hii ilinisumbua muda mrefu, hesabu zangu zilikuwa hazikubali mpaka mzee mmoja aliyekaa siti ya nyuma akaniona na kalkuleta akanielekeza.

Ushindi na kushindwa (kila mechi pitcha mmoja anaandikiwa ushindi na mmoja kushindwa) usivipe uzito mkubwa. Jackson kamaliza na ushindi 107 na kushindwa 133, ERA 4.78, na mwaka 2013 akiwa Cubs alipoteza mechi 18. Ukitazama hizo tu unauliza timu 14 zilikuwa zinamtakia nini. Jibu halipo kwenye namba hizo, liko kwenye idadi ya mechi alizoanza: toka 2007 mpaka 2013 hakuna msimu alioanza mechi chini ya 30. Miaka saba mkono haukugoma. Timu ina mechi 162 kwa msimu, mapitcha wanachanika misuli ya kiwiko kila wiki, mtu unayejua kila siku ya tano atatokea, atapanda kichuguu na atakupa iningi sita ni mtu wa kuhitajika kila mahali, hata kama siyo wa kuoa. Kubadilishwa mara nyingi maana yake pia kuna mtu alimtaka mara nyingi. Hili ukilishika unamsoma pitcha wa mabegi tofauti kabisa na watu wanaomwita wa kubangaiza.

Na usimsome kwa wastani peke yake. Tarehe 25 Juni 2010, akiwa Arizona, Jackson alirudi Tampa Bay, kwa timu yake ya zamani. Iningi tatu za kwanza katoa woki saba, yaani kawapa wapigaji saba besi ya bure kwa kushindwa kulenga (besi ni vituo anavyopita mpigaji akikimbia kutafuta rani). Iningi ya tatu besi zote zimejaa na hakuna auti hata moja. Kocha yeyote siku nyingine angeshamtoa. Lakini hakuna aliyempiga hiti, yaani kuupiga mpira vizuri mpaka akafika besi. Akatoka kwenye hiyo shimo, akaendelea, ya tano, ya sita, ya saba, mipira inazidi mia na bado wanamwacha sababu hakuna hiti. Akamaliza iningi zote tisa, mipira 149, woki nane, hiti sifuri, Arizona wakashinda 1-0. Tafuta video yake uitazame yote siyo vipande tu, tazama uso wake iningi ya tatu halafu ya tisa. Wiki tano baadaye, mwishoni mwa Julai, Arizona wakambadilisha.

Hatua ya nne, nenda uwanjani, na nenda ligi ndogo. Tiketi ni nafuu na unakaa karibu mpaka unasikia mpira ukipiga glovu. Hapa kwetu Des Moines tunayo Iowa Cubs, timu ya Triple-A ya Chicago Cubs, wanachezea Principal Park pale mito miwili inapokutana, ukikaa nyuma ya ketcha unaliona kuba la dhahabu la bunge la jimbo kule mbele. Ndugu zetu Wakongo na Warundi wako wengi mji huu na bado wanaupita huo uwanja kila siku wakienda kazini bila kuingia. Ingieni jamani.

Fika saa moja kabla. Nenda upande wa bulpeni, pale mapitcha wanapopashia, na utafute mwenye ndevu, ambaye wenzake wanaonekana kama wadogo zake wa mwisho. Halafu angalia glovu. Jezi wanapewa na timu lakini glovu ni yake mwenyewe, na nyingi zinaongea. Msimu uliopita nilimkuta mmoja, jezi ya Iowa bluu na nyekundu, glovu ya rangi ya chungwa iliyopauka, nikajua huyu kabla ya hapa alikuwa sehemu nyingine kabisa. Nikatafuta jina lake kwenye simu nikakuta ni timu ya sita. Alirusha kama mipira thelathini hivi. Ketcha anaweka glovu kona ya nje chini, mpira unakuja umenyooka halafu mwishoni unakatika kuingia kwenye glovu. Ule ambao ketcha alilazimika kusogeza mkono hata inchi mbili aliuomba tena, anapokea, anafuta kiganja kwenye suruali, anapanga vidole kwenye mshono bila kuangalia, anarusha. Mara nne mfululizo glovu haikusogea, ndo akaridhika akavaa jaketi akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Usiku ule aliingia iningi ya saba na ule mpira wa kona ya nje chini ndo alioutoa mara mbili, wapigaji wawili wakazungusha gongo hewani.

Kwa hiyo fanya hivi: usiutazame mpira, tazama glovu ya ketcha kabla ya mpira kutoka, halafu uone imesogea kiasi gani. Kasi kila mtu ataiona ubaoni, mwenye maili 98 wapo tele na vijana. Mkongwe wa maili 90 anaishi kwa kutoisogeza glovu.

Hatua ya tano, usikate tamaa akipotea. Hii ndo muhimu kuliko zote na ndo nimejifunza kwa Rich Hill. Huyu kiwiko kilishafanyiwa upasuaji ule wanaouita Tommy John, kahama kahama, mwaka 2015 katikati ya msimu hakuna timu, yupo Long Island Ducks, ligi huru isiyo na uhusiano na ligi kuu, ana miaka 35. Kama ungekuwa unafuata ligi kuu peke yake ungefunga daftari. Boston wakamchukua, mwezi Septemba wakampa mechi, akarusha iningi saba bila rani, straikauti 10, yaani wapigaji 10 aliwatoa mwenyewe kwa mirusho yake. Miezi miwili baadaye Oakland wakampa dola milioni 6 za mwaka mmoja, na Desemba 2016 Dodgers wakampa milioni 48 za miaka mitatu. Julai 2025, umri miaka 45, akapanda kichuguu na jezi ya Kansas City Royals, timu yake ya 14, akamfikia Jackson.

Kwa hiyo mtu wako akitoweka kwenye orodha tafuta kwingine: ligi huru, Mexico, Korea Kusini, Japani, Taiwan, na kuanzia Oktoba ligi za baridi za Dominikana na Venezuela. Kisha mwezi Februari, kambi za Florida na Arizona zikifunguliwa, soma majina ya walioalikwa bila kuwa kwenye ile 40. Wanaandikwa chini kabisa, na namba za mgongoni kubwa kubwa, 67, 72, 81. Jackson mwenyewe mechi yake ya mwisho ligi kuu ilikuwa 2019, ERA ya msimu ule ikapita 9, kila mtu akajua kaisha. Agosti 2021 alikuwa Yokohama na timu ya taifa ya Marekani kwenye Olimpiki, wakafungwa na Japani 2-0 fainali, akarudi na medali ya fedha. Kutangaza kustaafu akatangaza Septemba 2022.

Daftari langu la sasa hivi lina majina manne. Yule wa glovu ya chungwa ni mmoja wao, mstari wake wa mwisho nimeandika "mchezaji huru" na tarehe, na chini yake nimeacha nafasi ya mistari mitatu.